Baiskeli Katika Hori ya Mida: Njia Ipite Wapi?

Kila inapotajwa hifadhi ya mazingira iliyo kando ya bahari, mawazo ya watu huelekea kugawanyika pande mbili. Wako wale wasemao kwamba hifadhi isiyofikika kwa urahisi ni mali isiyo na faida, na kwa hiyo yafaa ijengewe barabara nzuri hadi ufukoni. Wako na wale wasemao kwamba penye watu hapakai ndege, na kwa hiyo yafaa watu wazuiwe kabisa. Kila upande una hoja zake, na hoja hizo si za kudharauliwa. Lakini mabishano haya yamechukua nafasi ya swali lenye manufaa zaidi, ambalo ni hili: kwa kuwa watu wamo tayari katika hifadhi zetu za pwani na wataendelea kuwamo, njia yao ipite wapi, waifuate saa ngapi, na kwa chombo gani?

Maoni yangu ni kwamba chombo kifaacho ni baiskeli. Lakini baiskeli ni chombo cha nchi kavu, wala haifai kufikishwa matopeni. Njia yake yapasa ipite nyuma ya mikoko, juu ya ardhi ngumu, katika vijia ambavyo wanavijiji walivikanyaga zamani. Na iguse maji mahali pachache tu palipochaguliwa, ambapo mwendeshaji atashuka, ataiacha baiskeli yake na kwenda kwa miguu. Nitaeleza sababu za maoni haya kwa kutumia mfano mmoja, yaani hori ya Mida, nikitumaini kwamba walimu wa sayansi na jiografia wataona namna ya kuutumia mfano huo darasani.

Mahali penyewe

Hori ya Mida iko katika pwani ya Kenya, kusini ya Malindi, nyuma ya mji wa Watamu. Ni mkono wa bahari uingiao bara kwa mlango mwembamba, kisha ukapanuka na kuwa uwanja wa maji, matope na mikoko wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32. Eneo la Malindi na Watamu liliwekwa chini ya hifadhi ya bahari mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO ililiingiza katika orodha ya hifadhi za biosfia.

Katika utaratibu wa Kenya kuna tofauti kati ya mbuga ya bahari na hifadhi ya bahari. Ndani ya mbuga uvuvi hauruhusiwi kabisa. Ndani ya hifadhi uvuvi wa kienyeji huruhusiwa. Hori ya Mida imo katika hifadhi. Kwa hiyo sheria yenyewe ilikwisha kukubali kwamba wavuvi na wachukuzi wa pwani hiyo ni sehemu ya mahali hapo. Kumtaka kila mtu aondoke ni kutaka jambo ambalo hata waliotunga hifadhi hawakulitaka.

Upande wa bara, ng'ambo ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, upo msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Huo ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake, yaani misitu mikavu ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Karibu na hapo yapo magofu ya mji wa kale wa Gede, yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Hivyo katika eneo ambalo mwendeshaji baiskeli aweza kulizunguka kwa siku moja bila kujichosha, pana msitu, mji wa kale, mashamba, mikoko na bahari.

Je, Mida ni mlango wa mto?

Mwanafunzi wa jiografia atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama Mida ni mlango wa mto. Mlango wa mto ni mahali ambapo maji matamu ya mto hukutana na kuchanganyika na maji ya chumvi. Mfano halisi uko kaskazini kidogo ya Malindi, ambako mto Sabaki huingia baharini. Mto huo huanzia katika nyanda za juu, ukiitwa Athi. Ukifika katikati huitwa Galana. Na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Hubeba udongo mwingi, na wakati wa mvua huipaka bahari rangi ya kahawia.

Mida hauingii mto wa kudumu. Hata hivyo maji matamu hufika. Hupita chini ya ardhi, katika mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya zamani, na kuchirizika polepole hadi kwenye mikoko. Mvua inyeshayo upande wa msitu na mashamba hunywewa na ardhi, huchujwa, kisha hutokeza horini bila kuonekana. Kwa maneno mengine, Mida ina sifa nyingi za mlango wa mto, lakini mto wenyewe umefichika ardhini.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtu anayefikiria kujenga. Ardhi iliyo kati ya msitu na hori ni mfano wa chujio. Ukiifunika kwa lami, maji ya mvua hayatanywewa. Yatakimbia juu juu yakichukua mchanga, mafuta na taka, na kuyamwaga horini kwa mkupuo mmoja. Barabara pana ya lami iendayo ufukoni hubadili namna maji yafikavyo horini, hata kama hakuna mti hata mmoja wa mkoko uliokatwa. Kijia cha udongo chenye upana wa mita moja hakifanyi hivyo, mradi kisiachwe kikawa mfereji.

Uzito wa gurudumu

Sasa tuitazame baiskeli yenyewe. Mwaka 1973 S. S. Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford aliandika katika jarida la Scientific American kuhusu ufundi wa baiskeli, akaonyesha kwamba mtu aendeshaye baiskeli hutumia, kwa kila kilomita, kiasi cha moja ya tano tu ya nguvu ambayo angeitumia kwa kutembea umbali huohuo. Hakuna mnyama wala mashine iliyojulikana wakati huo iliyoweza kumshinda kwa uchache wa nguvu zinazotumika kusafirisha uzito wake. Baiskeli hainywi mafuta, haitoi moshi, na kelele yake ni ndogo mno. Kwa mgeni atakaye kuona mengi bila kusumbua wengi, hapana shaka kwamba ni chombo bora.

Lakini sifa hizo zote hutegemea ardhi ngumu. Mwalimu wa fizikia aweza kulithibitisha hilo ubaoni kwa hesabu fupi ya kanieneo, yaani kani igawanywayo kwa eneo. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 huikandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 600 hivi. Akisimama kwa mguu mmoja wenye wayo wa sentimita za mraba 150, kanieneo yake ni paskali 40,000, yaani kilopaskali 40. Mtu huyohuyo akipanda baiskeli yenye magurudumu yaliyojazwa upepo wa kilopaskali 300, kanieneo ya gurudumu juu ya ardhi hukaribia kiasi hichohicho cha upepo ulio ndani, yaani kilopaskali 300. Mtu na baiskeli yake, kilo 75 kwa jumla, hubebwa na sentimita za mraba 25 tu kwa magurudumu yote mawili. Eneo dogo kuliko kiganja cha mkono. Kanieneo hiyo ni zaidi ya mara saba ya ile ya mguu wa mtembeaji.

Juu ya mwamba wa matumbawe hesabu hiyo haina madhara. Juu ya tope mambo ni mengine. Gurudumu litazama mpaka eneo lake liongezeke vya kutosha kubeba uzito, na kule kuzama ndiko madhara yenyewe. Tope la mikoko lina hewa kidogo sana ya oksijeni. Ndiyo maana mchu huchomoza mizizi ya kupumulia ambayo husimama wima juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, na ndiyo maana mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Kaa nao huchimba mashimo ambayo huingiza maji na hewa chini. Baiskeli ipitayo hapo huvunja mizizi, hufukia mashimo, na kuacha mfuo ambao hugeuka kuwa mfereji kila maji yanapojaa na kupwa. Baiskeli ya pili hukwepa mfuo wa kwanza na kuchora mwingine, na ya tatu vivyo hivyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza hutokana na fizikia, wala haitokani na matakwa ya mtu: pale mkandaa na mchu wa upande wa bara unapoanza, pale ndipo baiskeli ikome.

Saa ya maji na saa ya ndege

Kanuni ya pili hutokana na mwezi. Watu wa pwani wana maneno yao ya tangu kale kuhusu jambo hili: bamvua ni wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji mafu ni wakati tofauti hiyo inapopungua, mwezi ukiwa nusu. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Katika siku saba machelewo hayo hufika karibu saa sita, na hapo saa iliyokuwa ya kujaa inakuwa ya kupwa. Katika pwani ya Kenya, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa huzidi mita 3.

Maji yanapokupwa, Mida hugeuka kuwa uwanda wa matope na mchanga, na hapo huonekana ndege wa matopeni wakila kwa maelfu: vitwitwi wa aina nyingi, yangeyange, na pengine heroe. Wengi wao ni wageni. Mmoja wao, aitwaye Calidris ferruginea kwa jina la kisayansi, ana uzito wa gramu 60 hivi, na huzaa katika nyanda za baridi za Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapo. Mwingine ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu huzaa katika fukwe za Ghuba, Oman na bahari ya Shamu, naye huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, ambalo joto la mchanga husaidia kulitunza. Baada ya kuzaa hushuka kusini, na Mida ni mojawapo ya vituo vyake vinavyojulikana sana. Pwani yetu na pwani ya Oman, zilizounganishwa karne nyingi na majahazi ya kaskazi, zimeunganishwa pia na ndege huyu.

Ndege hawa hawafuati saa ya jua. Hufuata maji, usiku na mchana. Tope likiwa wazi hula; maji yakilifunika hukusanyika juu ya visiwa vya mchanga au matawi ya mikoko na kupumzika wakingoja. Hawawezi kuihamisha saa yao ya chakula kwa ajili ya mgeni. Ndege akirushwa wakati wa kula, hupoteza mara mbili: hupoteza chakula ambacho angekipata, na hutumia nishati katika kuruka, ambayo ndiyo kazi ghali kuliko zote azifanyazo. Kurushwa mara moja si kitu. Kurushwa mara kumi katika kipindi kimoja cha maji kupwa ni deni. Na mwezi wa Machi na Aprili, wakati ndege wa Siberia wanapojilimbikizia mafuta ya safari ya kaskazini, deni hilo huenda likalipwa njiani, mahali ambapo hakuna atakayeliona.

Watafiti wa mambo ya ndege wanakubaliana juu ya jambo moja lenye msaada kwetu: ndege huzoea kitu kipitacho mahali palepale, kwa mwendo uleule, bila kuwakaribia, lakini hustushwa sana na mtu aingiaye kwao, asimamaye ghafla, au afuatanaye na mbwa aliyefunguliwa. Kwa sababu hiyo, katika pwani ya bahari ya Wadden huko Ulaya, ambayo nayo ina matope mapana yanayofunikwa na kufunuliwa na maji, njia nyingi za baiskeli hupita nyuma ya maboma ya udongo yaliyojengwa kuzuia bahari. Mwendeshaji haonekani na ndege. Akitaka kuwaona hupanda juu ya boma mahali palipotengwa. Sisi hatuna maboma, lakini tuna mikoko. Ukuta wetu ni hai, umejijenga wenyewe, na hauna gharama isipokuwa ile ya kutoukata.

Njia ninayoipendekeza

Kutokana na hayo, napendekeza njia ifuatayo. Ianzie upande wa msitu, karibu na kituo cha msitu cha Gede, na wale watakao kuingia msituni waingie kwa ruhusa na maelekezo ya wasimamizi wake, kwa kuwa ndani ya msitu huo wamo ndovu. Kisha ivuke barabara kuu mahali pamoja tu, penye alama zilizo wazi na matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Ipite penye magofu ya Gede, na kutoka hapo ielekee kusini kwa vijia vya mashambani, kati ya minazi, mikorosho na mihogo, hadi vijiji vya Dabaso na Mida. Isitengenezwe njia mpya palipo na kijia cha zamani. Isiwekwe lami. Panapoteremka, ikatwe mifereji midogo ya kuchepusha maji, ili njia yenyewe isigeuke kuwa korongo.

Kando ya hori njia ibaki umbali wa mita 200 kutoka mahali maji ya bamvua yanapofika. Kiwango hicho nakitoa kama mwanzo wa majaribio, na majaribio yenyewe nitayaeleza chini. Iteremke majini mahali pawili au patatu, na pa kwanza pawe kwenye daraja la mbao lililojengwa kati ya mikoko ya Mida, ambalo huwafikisha watembeaji kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Hapo baiskeli ziegeshwe kivulini, na watu waende kwa miguu. Mbao zilizo katika maji ya chumvi huoza upesi. Kwa hiyo fedha ya kwanza itakayopatikana itengwe kwa matengenezo kabla ya kufikiria kuongeza daraja la pili.

Saa ya kufika horini ipangwe kwa jedwali la maji la bandari ya Mombasa, ikikumbukwa kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo. Siku za bamvua maji hukupwa sana karibu na saa nne au saa tano za asubuhi, na kujaa alasiri. Basi siku hizo asubuhi iwe ya msitu na magofu, na baada ya adhuhuri ndipo watu waingie kibandani na kutulia. Maji yanapopanda huwasukuma ndege polepole kuelekea ukingoni, na mtu aliyekaa kimya huletewa karibu kile ambacho angekifukuza kama angekifuata. Huo ndio utalii wa utulivu ninaoukusudia: bahari ndiyo imleteayo mgeni ndege, wala mgeni hahitaji kuwaendea.

Jambo moja zaidi, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Wanafunzi wa vijiji hivyo hutembea na kuendesha baiskeli kando ya barabara kuu, penye malori, mabasi na matatu zinazokwenda kwa kasi. Njia ya baiskeli ipitayo nyuma ya barabara hiyo, sambamba nayo, ingekuwa njia ya shule siku za masomo na njia ya wageni siku za mapumziko. Ninaamini kwamba njia ipangwe kwa kumfikiria mwanafunzi kwanza. Mgeni hatapungukiwa na kitu akipita mahali palipo salama kwa mtoto. Lakini mtoto atapungukiwa na mengi ikiwa njia itachorwa kwa kufuata madirisha ya hoteli.

Kuhusu pikipiki za bodaboda, hizo zina kazi yake ya lazima vijijini, hasa kwa wagonjwa na mizigo. Zibaki katika barabara za vijiji. Penye njia ya baiskeli ziwekwe nguzo mbili zilizokaribiana, nafasi ya kupita baiskeli moja. Sheria isiyo na nguzo husahaulika upesi.

Hoja za wanaopinga

Mtu atasema: njia ndogo kama hii italeta fedha kidogo, na watu wa Mida wanahitaji fedha. Hoja hii yastahili jibu la vitendo. Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi wa Kipepeo, ambao wakulima wa kandokando ya msitu hufuga mabuu ya vipepeo hadi yawe mabundo, ambayo huuzwa nje ya nchi. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango uitwao ASSETS, wa kuwapa karo wanafunzi wa shule za sekondari waishio karibu na msitu na hori, na baadhi ya fedha zake zilitokana na ada za wageni waliopita kwenye daraja la mikoko. Yako basi mambo mawili ambayo tayari yameonyesha kwamba kitu kidogo kisichoharibu asili yake chaweza kulipa karo na kununua unga. Mgeni wa baiskeli hukodi baiskeli kijijini, humtaka fundi wa kijijini inapotoboka, hunywa madafu ya kijijini, na huhitaji kiongozi ajuaye njia. Mgeni wa basi hushushwa, hupiga picha, na kuondoka.

Mwingine atasema kinyume chake: hata baiskeli ni nyingi mno, kwani leo watapita kumi na kesho mia. Huyu naye ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana nasema njia iwe na kipimo, na kipimo chenyewe kiwe ndege. Ikiwa idadi ya wageni itafika mahali ndege wanarushwa mara nyingi zaidi kuliko walivyokuwa wakirushwa kabla ya njia, basi idadi ipunguzwe, au njia isogezwe nyuma, au ifungwe mwezi wa Machi na Aprili. Kukataa mapema bila kupima si sayansi, kama vile kujenga bila kupima kusivyokuwa sayansi.

Kazi ya shule

Na ni nani atakayepima? Hapa ndipo shule zinapoingia. Upimaji huu hauhitaji maabara wala vyombo vya bei. Unahitaji daftari, saa, jedwali la maji na uvumilivu. Kikundi cha wanafunzi wanne, wakikaa kibandani kwa saa mbili za maji kupanda, waweza kuandika mambo manne: saa, kimo cha maji kwa kutumia mti uliotiwa alama, kila mara kundi la ndege liliporuka, na sababu ya kuruka, kama ilionekana. Sababu yaweza kuwa mtu, mashua, mbwa, baiskeli, au mwewe. Ni lazima mwewe naye aandikwe, kwa kuwa ndege wa matopeni hurushwa hata pasipo mtu yeyote, na asiyelijua hilo atawalaumu watu kwa makosa ya mwewe.

Kazi hiyo ianze kabla ya njia kufunguliwa. Ikifanywa bamvua na maji mafu, mwaka mzima, shule itakuwa na kumbukumbu ya hali ya kwanza. Njia ikishafunguliwa, kazi iendelee vilevile, na tofauti itaonekana. Ile mita 200 niliyoitaja itajulikana kama inatosha, inazidi, au inapungua. Wanafunzi wa hesabu watapata wastani na mchoro. Wa biolojia watapata majira ya ndege. Wa jiografia watapata mwezi na maji. Wanaofahamu majina ya miti, kama mlilana ukuao karibu na maji, mkoko uufuatao, mkandaa na mchu ulio nyuma, waweza kuchora ramani ya mistari hiyo na kuiangalia mwaka baada ya mwaka. Wazee wa vijiji wanayajua majina hayo bila kitabu. Mwalimu mwerevu atawaalika.

Mida si mahali pekee penye hali hii. Zipo hori na milango ya mito mingi kutoka Lamu hadi Mtwara, na kila moja itakabiliwa na watu wale wale wawili, mwenye lami na mwenye uzio. Walimu na wanafunzi walio karibu na mahali kama hapo wanaweza kuanza bila kungoja amri: watafute vijia vilivyopo, wapime umbali wake kutoka maji ya bamvua, waandike ni wapi ardhi ni ngumu na wapi ni tope, na wahesabu ndege kwa miezi kumi na miwili. Siku atakapokuja mtu na ramani ya barabara mkononi, wao watakuwa na daftari. Ninashawishika kwamba katika mkutano wa namna hiyo, mwenye daftari ndiye apaswaye kusikilizwa kwanza.